Usingizi Unatoka Wapi?

Katika somo hili tutasoma habari za usingizi. Kila mtu hulala. Mkulima hulala, mvuvi hulala, mtoto mchanga hulala, na mzee hulala. Mbuzi na kuku nao hulala. Lakini ni wachache wanaojiuliza: Je, usingizi unatoka wapi? Ni kitu gani ndani ya mwili kinachotufumba macho usiku na kutuamsha asubuhi?

Swali hili si la wataalamu peke yao. Linatuhusu sisi pia. Mtu aliyekosa usingizi kwa siku nyingi huwa tayari kununua chochote anachoambiwa kitamlaza. Atatoa fedha ya mbolea. Atatoa hata fedha ya sare za watoto. Kwa hiyo ni vizuri tujue wataalamu wamegundua nini, na nini bado hawajagundua. Tukijua hayo, hatutadanganywa kwa urahisi.

MWILI HAUZIMIKI

Watu wengine hufikiri kwamba mtu akilala, mwili wake wote umeacha kazi, kama mashine ya kusaga iliyozimwa. Sivyo. Moyo unaendelea kupiga. Mapafu yanaendelea kuvuta hewa. Ubongo nao una kazi zake za usiku.

Ubongo hutoa umeme mdogo sana. Mwaka 1924 daktari mmoja wa Ujerumani, Hans Berger, alipima umeme wa ubongo wa mtu kwa mara ya kwanza kwa kuweka nyaya kichwani. Mashine ya kupima umeme huo huchora mstari unaopanda na kushuka, kama mawimbi ya ziwa. Mtu akiwa macho, mawimbi huwa madogo na ya haraka. Akilala usingizi mzito, mawimbi huwa makubwa na ya polepole. Hayazidi manne hivi kwa sekunde moja. Wataalamu huyaita mawimbi ya delta.

Likumbuke neno hili, delta. Tutalihitaji mbele.

MBWA WA UFARANSA

Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wataalamu walianza kufikiri hivi: Mtu akikaa macho kutwa nzima, labda kuna kitu kinachojikusanya mwilini mwake, kidogo kidogo, kama maji ya mvua yanavyojaa pipa. Kikijaa, mtu husinzia. Akilala, kitu hicho hupungua, naye huamka.

Lakini mawazo peke yake hayatoshi. Lazima yapimwe. Mwaka 1909 mtaalamu wa Japani, Kuniomi Ishimori, alieleza uchunguzi wake juu ya jambo hilo. Huko Ufaransa, René Legendre na Henri Piéron walifanya uchunguzi wa namna hiyo hiyo, wakautangaza kwa urefu mwaka 1913. Waliwazuia mbwa wasilale kwa siku nyingi. Kisha wakachukua kiasi cha maji yanayozunguka ubongo wa mbwa hao. Maji hayo wakawachoma mbwa wengine, ambao walikuwa wamelala vya kutosha.

Je, nini kilitokea? Mbwa waliolala vya kutosha walisinzia, kisha wakalala usingizi mzito.

Basi, ilionekana kwamba ndani ya maji yale kulikuwa na kitu cha kuleta usingizi. Lakini ni kitu gani? Hakuna aliyeweza kusema. Siku zile hapakuwa na vyombo vya kukitenga na kukitambua.

SUNGURA WA BASEL

Sasa twende Uswisi, nchi ya milima iliyoko Ulaya. Katika mji wa Basel, mtaalamu aitwaye Marcel Monnier na wenzake walilishika tena swali hili katika miaka ya 1960. Wao walitumia sungura.

Kwanza, waliunganisha mishipa ya damu ya sungura wawili, ili damu ya mmoja ipite kwa mwingine. Kisha wakapeleka umeme mdogo katika sehemu fulani ya ubongo wa sungura wa kwanza. Sungura huyo akalala. Na yule wa pili, ambaye hakuguswa na umeme wowote, naye akaonyesha dalili za usingizi. Hapo wakafikiri kwamba usingizi umepita katika damu.

Pili, walichukua damu inayotoka katika ubongo wa sungura waliolazwa kwa umeme. Waliichuja sana, wakabaki na chembe ndogo ndogo tu. Chembe hizo wakazitia katika ubongo wa sungura waliokuwa macho. Wakatazama mashine yao. Mawimbi ya delta yakaongezeka.

Tatu, walifanya jambo ambalo kila mchunguzi mzuri hulifanya. Walilinganisha. Walichukua pia damu ya sungura ambao hawakulazwa kwa umeme, wakaichuja vile vile. Mtu asiyelinganisha hawezi kujua. Ukitia mbolea shamba lote, huwezi kusema kwa hakika kwamba mbolea ndiyo iliyokupa mahindi mengi. Labda ni mvua. Lakini ukitia mbolea nusu ya shamba na kuacha nusu, utaona tofauti kwa macho yako.

Kazi hiyo ilichukua miaka mingi. Mwaka 1977 Guido Schoenenberger na Monnier walitangaza kwamba wamekitambua kitu kile. Wakakiita peptidi ya kuleta usingizi wa delta.

PEPTIDI NI NINI?

Ndugu msomaji, neno hili lisikutishe. Umekwisha kusoma habari za protini. Tunajua kwamba maharage, samaki, maziwa na mayai vina protini, nayo hujenga mwili. Protini ni kama ushanga mrefu sana. Kila punje ya ushanga huo inaitwa asidi amino. Peptidi ni ushanga wa namna hiyo hiyo, lakini ni mfupi.

Peptidi ya Basel ni fupi sana. Ina punje tisa tu, nazo ni za aina sita. Aina moja imetumika mara tatu, nyingine mara mbili, na nne zilizobaki mara moja moja. Mpangilio wa punje ni jambo kubwa. Ukitunga shanga zile zile kwa mpangilio mwingine, unapata ushanga mwingine.

Wataalamu wa Basel walipojua mpangilio huo, waliweza kuitunga peptidi hiyo wenyewe katika maabara, bila kutumia damu ya sungura. Wakawapa sungura peptidi waliyoitunga. Mawimbi ya delta yakaongezeka tena.

Habari hizo zilienea upesi. Watu wengi walifurahi. Walifikiri kwamba usingizi wenyewe umepatikana na sasa utatiwa katika chupa. Je, ndivyo ilivyokuwa? Tuendelee kusoma.

ILIPOJARIBIWA KWA WATU

Katika miaka ya 1980 peptidi hiyo ilijaribiwa kwa watu wenye shida ya usingizi. Walichomwa sindano ya mshipa. Haikutolewa kama kidonge cha kumeza, kwa sababu peptidi ikimezwa, tumbo huivunja kama linavyovunja protini ya maharage. Ndiyo maana wagonjwa wa kisukari nao huchoma insulini kwa sindano. Insulini pia imetungwa kwa punje za asidi amino.

Katika majaribio ya kwanza, watu wachache walipewa dawa, na baadhi yao walisema wamelala vizuri zaidi. Lakini hapa pana mtego. Mtu akichomwa sindano na daktari, na kuambiwa kwamba itamlaza, matumaini peke yake yanaweza kumsaidia kulala. Basi utajuaje kama ni dawa au ni matumaini?

Wataalamu wana njia. Huwagawa wagonjwa katika makundi mawili. Kundi moja hupewa dawa. Kundi la pili hupewa sindano isiyo na dawa. Mgonjwa hajui amepewa ipi. Hata anayempima hajui. Siri hufunguliwa mwishoni, matokeo yakiwa yamekwisha kuandikwa.

Jaribio la namna hiyo lilitangazwa mwaka 1992. Wagonjwa walikuwa watu wenye shida ya usingizi ya muda mrefu. Faida iliyoonekana ilikuwa ndogo. Wachunguzi wakasema kwamba haielekei kuwa peptidi hiyo, ikitumiwa kwa siku chache, itawafaa sana wagonjwa wa namna hiyo.

KITENDAWILI KISICHOTEGULIWA

Mwaka 2006 wataalamu wawili, Kovalzon na Strekalova, walikusanya yote yaliyojulikana juu ya peptidi hiyo. Waliiita kitendawili ambacho bado hakijateguliwa. Kwa nini walisema hivyo? Yako mambo matatu.

Jambo la kwanza ni maagizo. Mwili hutengeneza protini na peptidi zake kwa kufuata maagizo yaliyomo katika kila chembe ya mwili. Agizo la kitu kimoja huitwa jeni. Wataalamu walitafuta jeni ya peptidi hii, wala hawakuiona.

Jambo la pili ni kufuli. Peptidi hufanya kazi kama ufunguo. Lazima ipate kufuli yake katika chembe za mwili, ndipo mlango ufunguke. Kufuli hiyo huitwa kipokezi. Kipokezi cha peptidi hii nacho hakikuonekana. Ufunguo uko mkononi, lakini mlango wake haujulikani.

Jambo la tatu ni matokeo. Wachunguzi wa mahali pengine waliporudia kazi ya Basel, matokeo hayakulingana. Wengine waliona usingizi umeongezeka. Wengine waliona mabadiliko kidogo tu, au hawakuona kitu. Tena, peptidi hii huvunjika upesi katika damu.

Tusiwacheke wataalamu wa Basel. Walifanya kazi kubwa, na walieleza waziwazi jinsi walivyoifanya, ili wengine waweze kuirudia na kuipima. Elimu hukua hivyo. Lakini kitu kilichogunduliwa si lazima kiwe dawa. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini hakuna mkulima anayeweka ndoo kukinga mawingu. Hungoja mvua inyeshe.

PEPTIDI NYINGINE ILIYOJIBU MASWALI

Tuone mfano wa pili ili tupate kulinganisha. Mwaka 1998 makundi mawili ya wataalamu, kila kundi kwa njia yake, yaligundua peptidi nyingine katika ubongo. Kundi moja liliziita oreksini, la pili liliziita hipokretini. Majina ni mawili, lakini ni kitu kile kile. Kazi yake ni kumfanya mtu akae macho.

Peptidi hizi zilijibu maswali. Jeni yake ilipatikana. Vipokezi vyake vilipatikana. Tena, mwaka 2000 ilionekana kwamba watu wenye ugonjwa fulani wa kusinzia ghafla mchana wamepungukiwa sana na peptidi hizi katika ubongo. Watu hao wanaweza kusinzia wakiwa katikati ya maongezi. Mwaka 2014 Marekani iliidhinisha dawa ya usingizi inayofanya kazi kwa kuziba vipokezi hivyo. Nayo hutolewa kwa cheti cha daktari, kwa sababu ina madhara yake.

Unaona tofauti, ndugu msomaji? Kitu kimoja kimetufikisha kwenye mlango na kuufungua. Kingine kimetuacha njiani.

UKILETEWA DAWA YA USINGIZI

Siku hizi peptidi ile ya Basel huuzwa kwa njia ya intaneti. Ni unga mweupe katika vichupa vidogo. Mamlaka ya dawa ya Marekani haijaiidhinisha kuwa dawa ya usingizi. Juu ya vichupa vingine huandikwa kwamba kilichomo ni cha uchunguzi tu, si cha kutumiwa na watu. Lakini muuzaji hasomi maneno hayo kwa sauti. Yeye husema, "Dawa hii ni ya asili, inatoka mwilini, haina madhara."

Maneno hayo yasikulaghai. Kitu kuwa cha asili si hoja. Sumu ya nyoka ni ya asili pia. Tena, hujui kilichomo katika kichupa hicho, wala hujui kama kimetengenezwa mahali safi. Sindano chafu huleta majipu, na kushirikiana sindano huleta UKIMWI na ugonjwa wa ini.

Ulijifunza kusoma kwa sababu. Sasa tumia elimu yako. Mtu akikuletea dawa yoyote ya usingizi, iwe ya peptidi au ya majani, muulize maswali haya:

1. Jina la dawa ni nini, na limeandikwa wapi?
2. Tarehe ya kwisha nguvu ni ipi?
3. Je, mamlaka ya dawa ya nchi yetu imeikubali?
4. Ilijaribiwa kwa watu wangapi, na ililinganishwa na nini?
5. Ina madhara gani?

Kama maandishi ni ya Kiingereza, usione haya. Mpelekee mganga wa zahanati au mwalimu akusomee. Kuuliza si ujinga. Muuzaji akikasirika kwa kuulizwa, jibu umekwisha kulipata.

TUFANYE NINI TUPATE USINGIZI?

Mwili wenye afya hujitengenezea usingizi bila kulipwa. Sisi tunapaswa kuusaidia tu. Mtu mzima anahitaji kulala saa 7 au zaidi kwa siku. Haya yafuatayo husaidia:

Kwanza, lala na kuamka saa zile zile kila siku. Mwili una saa yake ya ndani, na saa hiyo hurekebishwa na mwanga. Toka nje asubuhi upate jua. Usiku punguza mwanga. Weka simu mbali na kitanda.

Pili, usinywe kahawa wala chai ya rangi jioni. Unapokuwa macho, kitu kiitwacho adenosini huongezeka katika ubongo na kuleta usingizi. Kafeini iliyomo katika kahawa na chai hukalia kiti cha adenosini, kwa hiyo usingizi hukosa mahali pa kuketi.

Tatu, usitafute usingizi katika pombe. Pombe humlaza mtu upesi, kisha humwamsha usiku wa manane, na usingizi wake huwa mwepesi.

Nne, tengeneza mahali pa kulala. Ua kunguni. Tumia chandarua kila usiku. Mtu anayepigana na mbu hawezi kulala, na mbu humletea malaria.

Tano, tafuta chanzo. Mara nyingi kukosa usingizi ni dalili ya jambo jingine. Labda ni maumivu. Labda ni kikohozi. Kikohozi kikizidi majuma mawili, nenda ukapimwe kifua kikuu. Labda ni mawazo ya deni, ya ugomvi au ya msiba. Mawazo hayo mweleze ndugu au rafiki unayemwamini, au mganga wa zahanati. Huzuni isiyokwisha nayo ni ugonjwa, na ina matibabu.

Jambo moja zaidi ni la hatari. Ukimwona mtu anasinzia mchana na kukesha usiku, ana homa ya mara kwa mara, kichwa kinamuuma na akili zinachanganyikiwa, usiseme amelogwa wala usiseme ni mvivu. Inawezekana ana malale. Ugonjwa huu huletwa na mbung'o, na umewahi kuonekana katika mikoa ya Kigoma na Tabora. Malale isipotibiwa huua. Ikitibiwa, mtu hupona. Mpeleke hospitali upesi, na mwambie daktari kama mgonjwa alikwenda porini kuwinda, kurina asali au kuchunga ng'ombe.

MUHTASARI

Usingizi hutengenezwa na mwili wenyewe. Kwa zaidi ya miaka mia moja wataalamu wametafuta vitu vinavyouleta. Peptidi iliyopatikana Basel ilitoa matumaini makubwa, lakini majaribio kwa watu yalionyesha faida ndogo, na maswali makubwa hayakupata majibu. Oreksini ilipata majibu, ikaleta dawa. Kati ya ugunduzi na dawa kuna safari ndefu ya kupima na kulinganisha. Anayetuuzia dawa kabla ya safari hiyo kwisha anatuuzia matumaini.

MANENO MAPYA

Asidi amino: punje moja ya ushanga wa protini au peptidi.
Delta: mawimbi makubwa na ya polepole ya ubongo wakati wa usingizi mzito.
Jeni: agizo ndani ya mwili la kutengeneza kitu fulani.
Kipokezi: mahali katika chembe ya mwili panapopokea kitu, kama kufuli inavyopokea ufunguo.
Maabara: chumba cha wataalamu cha kupimia na kuchunguza vitu.
Peptidi: ushanga mfupi wa asidi amino.

MASWALI

1. Mbwa waliolala vya kutosha walilala tena kwa sababu gani?
2. Peptidi ya Basel ina punje ngapi?
3. Kwa nini wagonjwa walichomwa sindano badala ya kupewa vidonge?
4. Kwa nini ni lazima kundi moja lipewe sindano isiyo na dawa?
5. Taja tofauti mbili kati ya peptidi ya Basel na oreksini.
6. Leteni darasani karatasi au boksi la dawa yoyote mliyo nayo nyumbani. Someni pamoja jina la dawa na tarehe ya kwisha nguvu. Kama tarehe imepita, mpelekeeni mganga wa zahanati.
7. Jadilianeni: Ni dawa gani zinazouzwa kijijini kwetu bila mtu kuuliza maswali? Nani atauliza, na atamwuliza nani?